Kipenyo au Ubora wa Lenzi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Darubini ya Lenzi

Anayetafuta darubini ya lenzi hufika mahali akabaki na mbili mkononi. Ya kwanza ina lenzi ya milimita 120 ya aina ya kawaida. Ya pili ni ya milimita 80 tu, ila lenzi yake imetengenezwa kwa glasi maalumu na kusuguliwa kwa umakini wa hali ya juu. Bei zinakaribiana. Wapo watakaokuambia uchukue kubwa bila kufikiri mara mbili, na wapo watakaoapa kwamba ubora ndio kila kitu. Kila upande una hoja, ila kwa kazi tofauti.

Msimamo wangu ni huu: kipenyo hushinda kwenye vitu hafifu vinavyotazamwa kwa ukuzaji mdogo, na ubora hushinda pale kitu kinapong'aa na ukuzaji unapopanda. Hata hivyo, neno "ubora" limebeba mambo zaidi ya moja, na lile ambalo wanunuzi hulikagua kwanza, yaani rangi, silo linaloharibu picha zaidi. Tutaanzia kwenye vitu utakavyotazama, tuje kwenye hesabu, kisha namna ya kuipima darubini yenyewe kwa nyota.

Hatua ya 1: Andika utatazama nini

Chukua karatasi, andika vitu 10 unavyotamani kuviona, kisha vigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vyenye mwanga mwingi: Mwezi, Mshtarii, Zohali, Mirihi, Zuhura, nyota pacha. Hivi vinataka ukuzaji wa mara 100 hadi 200, na vinadai picha kali. Fungu la pili ni vitu hafifu: vishada vya nyota, nebula, galaksi. Vingi kati ya hivi hutazamwa kwa ukuzaji wa mara 20 hadi 80, na kinachokosekana ni mwanga.

Fungu lililo refu zaidi ndilo litakaloamua. Usiandike "vyote", maana darubini ya lenzi ya ukubwa unaobebeka haifanyi vyote kwa kiwango kimoja. Na kama galaksi ndizo zimejaa kwenye karatasi yako, fikiria pia darubini ya kioo, yaani inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi, kwa sababu milimita 200 za kioo hupatikana kwa urahisi kuliko milimita 120 za lenzi nzuri.

Hatua ya 2: Hesabu kipenyo kinakuongezea nini

Mwanga unaokusanywa hufuata eneo la lenzi, kwa hiyo unalinganisha vipenyo vilivyozidishwa vyenyewe kwa vyenyewe. Lenzi ya milimita 100 hukusanya mwanga mara 1.56 ya ile ya 80. Ya milimita 120 hukusanya mara 2.25 ya ile ya 80. Kati ya 100 na 102 hakuna tofauti ambayo jicho linaweza kuigundua.

Mara 2.25 ni karibu daraja moja zima la mng'ao (kadiri namba ya daraja inavyopanda ndivyo nyota inavyokuwa hafifu), na hilo linaonekana. Kishada cha M13 katika kundinyota la Hercules ni mfano mzuri. Nyota zake zinazong'aa zaidi ziko kwenye daraja la 12 hivi, mpakani kabisa mwa uwezo wa milimita 80. Kwa darubini hiyo, chini ya anga lenye giza, utaona mpira wa ukungu wenye chembechembe pembeni, chembe zinazojitokeza na kupotea. Kwa milimita 120 zile chembe zinakuwa nyota. Hakuna ubora wa glasi, hata uwe wa namna gani, unaoweza kulipatia jicho mwanga ambao haukuingia.

Kipenyo pia huamua uwezo wa kutenganisha vitu vilivyo karibu. Kanuni ya Dawes ni rahisi: gawanya 116 kwa kipenyo cha milimita, upate sekunde za tao, ambapo nyuzi 1 ina sekunde 3,600. Milimita 80 hukupa sekunde 1.45, milimita 100 hukupa 1.16, na milimita 120 hukupa 0.97. Kwenye usiku mwingi hewa yenyewe hutikisa picha kwa sekunde 1 hadi 3, kwa hiyo faida hii hujitokeza kamili pale tu anga linapotulia.

Kuna faida nyingine ya kipenyo ambayo wapenzi wa lenzi ndogo huipuuza. Gawanya kipenyo kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali unaoingia jichoni. Ukimtazama Zohali kwa mara 160 ukitumia milimita 80, mwali una upana wa nusu milimita. Picha inafifia, na vile vijinyuzi vinavyoelea ndani ya jicho lako vinaanza kupita juu ya sayari. Kwa milimita 120 mwali ni milimita 0.75, na jicho linapumzika. Kwa sababu hiyo kipenyo kina haki yake hata kwenye sayari, mradi lenzi iwe nzuri.

Hatua ya 3: Gawanya "ubora" katika sehemu zake

Ubora wa lenzi kuu ni mambo matatu: namna inavyokusanya rangi, usahihi wa umbo lake, na namna ilivyofungwa ndani ya bomba. Tangazo la biashara litakueleza la kwanza tu, kwa sababu glasi ina jina la kutangaza.

Rangi kwanza. Lenzi moja tupu hupinda buluu zaidi ya nyekundu, kwa hiyo kila rangi hukutana mahali pake. Katika karne ya 17 mwanaastronomia Hevelius alijaribu kulitatua hilo kwa kurefusha darubini, hadi akajenga moja ya mita 46 hivi. Baadaye ikajulikana kwamba ukiunganisha lenzi mbili za glasi tofauti, rangi mbili zinaweza kukutanishwa. John Dollond alipata hataza ya lenzi hiyo mwaka 1758, ingawa Chester Moor Hall alikuwa ameitengeneza miaka ya 1730. Hiyo ndiyo akromati, na ndiyo lenzi ya kawaida hadi leo.

Akromati huacha mabaki ya rangi, hasa zambarau na buluu. Mabaki hayo hutua mbali na fokasi ya kijani kwa takriban sehemu 1 kwa 2,000 ya urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi mahali miale inapokutana. Chukua lenzi ya milimita 100 yenye uwiano wa fokasi wa f/10, yaani urefu wa fokasi ni mara 10 ya kipenyo. Urefu wa fokasi ni milimita 1,000, kwa hiyo rangi hizo zinatua nusu milimita kutoka pale picha inapokuwa kali. Na kwenye f/10, picha hubaki kali ndani ya takriban sehemu ya kumi ya milimita kila upande. Buluu imetoka nje kabisa, inasambaa na kuwa ukungu wa zambarau unaoizunguka sayari.

Ukirefusha darubini hiyo hadi f/15, mabaki yanaongezeka hadi milimita 0.75, lakini nafasi inayovumilika inapanda hadi robo milimita, maana nafasi hiyo hukua kwa mraba wa uwiano wa fokasi. Uwiano kati ya kosa na uvumilivu umeshuka kutoka mara 4.5 hadi mara 3. Ukifupisha hadi f/5, unapanda hadi mara 9. Sasa unaona kwa nini akromati fupi humtesa mtazamaji wa sayari na ndefu humwacha salama.

Glasi za ED (kifupi cha Kiingereza cha "mtawanyiko mdogo sana") hupunguza mabaki hayo kwa sababu zinatawanya rangi kidogo. Kipimo chake ni namba ya Abbe, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo mtawanyiko unavyopungua. Glasi ya kawaida ya BK7 ina 64. FPL-51 ya kampuni ya Ohara ina takriban 81. FPL-53 ya kampuni hiyo hiyo, FCD100 ya Hoya, na fuwele ya floraiti zote ziko karibu na 95. Lenzi iliyotengenezwa vizuri kwa glasi za kundi hili la mwisho ndiyo inayostahili kuitwa apokromati, yaani lenzi inayoacha mabaki madogo kabisa ya rangi. Kumbuka tu kwamba jina la glasi moja halitoshi: matokeo hutegemea pia glasi ya pili iliyooanishwa nayo na uwiano wa fokasi. FPL-51 kwenye f/7 na zaidi, kwa kipenyo cha 80, huonyesha rangi kidogo sana kwa macho.

Sasa umbo. Uso wa lenzi ukikosewa kwa sehemu ndogo ya urefu wa wimbi la mwanga, mwanga unaopita pembeni hautui mahali pamoja na ule wa katikati. Hapo picha nzima inalegea, kijani na njano zikiwemo, na hizo ndizo rangi ambazo jicho hutegemea zaidi. Mpaka uliozoeleka wa lenzi inayokubalika ni kosa la robo ya wimbi, na kwa lugha ya namba ya Strehl, kipimo ambacho 1 ni lenzi kamilifu, hiyo ni karibu 0.80. Kuanzia 0.95 kwenda juu ni lenzi bora sana. Ukioneshwa cheti cha Strehl, angalia kimepimwa kwa rangi gani, kwa kuwa cheti cha rangi moja hakisemi lolote kuhusu nyingine.

Ningechagua akromati yenye umbo sahihi kuliko ED yenye umbo bovu, bila kusita. Zambarau jicho huizoea na filta ya njano hafifu namba 8 huipunguza. Ulegevu wa umbo hauna dawa.

Hatua ya 4: Tumia kanuni ya rangi kabla ya kutoa fedha

Zidisha kipenyo cha milimita kwa 0.12. Jibu ndilo uwiano wa fokasi ambao akromati inahitaji ili rangi ivumilike. Milimita 70 inahitaji f/8.4, milimita 80 inahitaji f/9.6, milimita 100 inahitaji f/12, na milimita 150 inahitaji f/18, yaani bomba la karibu mita 2.7. Ndiyo maana akromati kubwa za siku hizi, ambazo kwa kawaida ni f/5 hadi f/8, zote ziko chini ya kanuni.

Kuwa chini ya kanuni hakumaanishi kutokuwa na thamani. Darubini ya Yerkes ya Marekani, iliyokamilika mwaka 1897, ina lenzi ya sentimita 102 na urefu wa fokasi wa mita 19 hivi. Kanuni hii ingedai zaidi ya f/120, nayo ina f/19. Pamoja na hayo, mwanaastronomia Burnham aliitumia kupima nyota pacha, kazi inayodai picha kali. Kipenyo kilimpa mwanga na uwezo wa kutenganisha, na umbo la lenzi lilikuwa sahihi.

Hatua ya 5: Ipime darubini kwa nyota

Hii ndiyo hatua ya kuichukulia muda. Kama muuzaji anakubali, ifanye kabla ya kulipa. Kama sivyo, ifanye wiki ya kwanza, wakati bado unaweza kuirudisha.

Toa darubini nje na uiache ipoe angalau nusu saa. Darubini yenye lenzi tatu huchukua muda mrefu zaidi. Chagua nyota yenye mng'ao wa wastani iliyo juu angani, mbali na upeo wa macho, na uiweke katikati kabisa ya uga, yaani eneo lote unaloliona ndani ya darubini. Tumia ukuzaji unaokaribia mara mbili ya kipenyo: mara 160 kwa milimita 80, mara 200 kwa milimita 100.

Kwenye fokasi kamili unapaswa kuona kitone kidogo cha duara, kikizungukwa na pete moja nyembamba, labda na nyingine hafifu. Sasa geuza kifundo cha fokasi polepole upande mmoja hadi kitone kifunguke kuwa pete nne au tano. Zitazame kwa makini. Kisha pita kwenye fokasi uende upande wa pili kwa kiasi kilekile. Lenzi nzuri huonyesha pete zinazofanana pande zote mbili. Kama upande mmoja pete zimechorwa wazi na upande wa pili zimefifia na kuchanganyika, umbo lina kasoro.

Pete zikikaa upande mmoja, kama vile katikati yake imehama, lenzi haikupangwa sawa kwenye mhimili wa bomba, na mara nyingi hilo hurekebishika. Pete zikiwa na umbo la pembetatu, lenzi imebanwa mno kwenye kishikio chake. Jaribu tena baada ya saa nzima, kwa sababu baridi hukaza chuma. Kitone kikiwa na umbo la msalaba au kurefuka, geuza kichwa chako kwanza. Urefu huo ukizunguka pamoja na kichwa, tatizo ni la jicho lako. Ukibaki palepale, zungusha lenzi ya jicho, yaani ile ndogo unayochungulia, kisha kile kipande kinachopinda mwanga kabla ya jicho. Ni baada ya hapo tu ndipo unaweza kuilaumu lenzi kuu. Kwa akromati, weka filta ya kijani kabla ya kuhukumu pete, la sivyo rangi zitakuchanganya.

Jaribio la rangi lifanye baadaye. Elekeza kwenye Sirius, Vega au Zuhura, au ukingo wa Mwezi. Ukungu wa zambarau uliosambaa sawasawa pande zote unatoka kwenye lenzi kuu. Nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, kwa kitu kilicho karibu na upeo wa macho, ni kazi ya hewa. Rangi inayojitokeza pembeni mwa uga tu, kwa kawaida, inatoka kwenye lenzi ya jicho. Watu wengi wamezirudisha darubini nzuri kwa kosa la vipande hivyo vidogo.

Na pima kipenyo chenyewe. Baadhi ya darubini zina pete ndani ya bomba inayoziba ukingo wa mwanga, kwa hiyo milimita 80 iliyoandikwa inafanya kazi kama 65. Iweke darubini kwenye fokasi ya nyota, kisha mchana, ndani ya chumba chenye giza, acha lenzi ya jicho mahali pake na umulike tochi kupitia hapo. Duara la mwanga litatokea mbele kwenye karatasi uliyoishika karibu na lenzi kuu. Lipime kwa rula. Likiwa na milimita 65, ulichonunua ni milimita 65.

Wakati wowote wa majaribio haya, usiielekeze darubini kwenye Jua bila filta maalumu ya Jua iliyofungwa imara mbele ya lenzi kuu. Jicho huharibika papo hapo, na halirudi.

Hatua ya 6: Weka stendi kwenye hesabu

Kipenyo kinapoongezeka, uzito na urefu huongezeka kwa kasi. Milimita 80 ya f/7 hubebwa kwa mkono mmoja. Milimita 150 ni mzigo wa watu wazima, na stendi yake ni mzigo mwingine. Ifunge darubini kwenye stendi yake, weka nyota kwa ukuzaji wa mara 150, gonga bomba kwa kidole na uhesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde 2 au 3, endelea. Ikichukua zaidi ya 5, hutafaidi kipenyo wala ubora, kwa sababu kila ukigusa fokasi picha inatetemeka. Kati ya lenzi kubwa juu ya stendi dhaifu na lenzi ndogo juu ya stendi imara, chukua ya pili.

Hatua ya 7: Amua jozi kwa jozi

Milimita 80 ya ED dhidi ya milimita 100 ya akromati: kama akromati ni f/10 na unapenda vishada na nyota pacha, kubwa inastahili. Kama ni f/6 na unapenda sayari, chukua ED.

Milimita 80 ya ED dhidi ya milimita 120 ya akromati ya f/8: hapa naelemea upande wa 120 kwa mtu anayetazama kwa macho tu na ana stendi ya kuibeba. Mwanga ni mara 2.25, na kuna hila ambayo ED ndogo haina. Kata kadibodi yenye tundu la milimita 80 uiweke mbele ya lenzi. Urefu wa fokasi unabaki milimita 960, kwa hiyo sasa una milimita 80 ya f/12, iliyo ndani ya kanuni ya rangi. Usiku wa Zuhura na Mwezi unaiweka, usiku wa nebula unaiondoa. Baadhi ya vifuniko vya darubini huja tayari na tundu la kati lenye kifuniko chake kidogo, kwa kazi hiyohiyo.

Milimita 100 ya ED dhidi ya milimita 120 ya akromati: chukua ED. Tofauti ya mwanga ni mara 1.44 tu, na milimita 100 zenye kontrasti nzuri huonyesha Doa Jekundu Kuu la Mshtarii na mikanda yake kwa uwazi ambao akromati ya f/8 huupoteza kwenye ukungu wa buluu.

Milimita 100 ya ED dhidi ya milimita 150 ya akromati ya f/5: hizi ni darubini mbili za kazi tofauti. Ile ya 150 ni ya kusafiri kwenye Njia ya Maziwa kwa ukuzaji mdogo, na kwa kazi hiyo inafurahisha sana. Usiipandishe hadi mara 200 ukitegemea sayari.

Kuhusu lenzi tatu dhidi ya mbili: kwa kutazama tu, hadi milimita 100 au 110 kwenye f/7, lenzi mbili zenye glasi ya kundi la FPL-53 zinatosha. Lenzi ya tatu huongeza uzito na muda wa kupoa.

Kwa picha za kamera mambo hubadilika, na hapo ubora hushinda waziwazi. Kihisi cha kamera huona zambarau ambayo jicho halioni, kwa hiyo kila nyota angavu hupata duara la rangi. Kwa nebula pana, uwiano wa fokasi ndio unaoamua muda wa kupiga picha kuliko kipenyo, na milimita 60 hadi 80 nzuri, pamoja na lenzi ya kunyoosha uga, hufanya kazi kubwa.

Hatua ya 8: Ukinunua iliyotumika

Mulika tochi kwa pembe kupitia lenzi kuu. Vumbi na mikwaruzo michache haina madhara kwenye picha, usipunguze hamu kwa ajili yake. Kinachotisha ni nyuzi za ukungu wa kuvu zinazosambaa kama mizizi, na mawingu kati ya lenzi. Angalia skrubu za kishikio cha lenzi: vichwa vyake vikiwa vimekwaruzwa, kuna mtu aliwahi kuifungua, na lenzi zikirudishwa zimezungushwa au zimegeuzwa, mpangilio uliowekwa kiwandani umepotea. Darubini ya namna hiyo ipite kwenye jaribio la pete la hatua ya 5 kabla hujazungumzia bei.